Benchi la Fundi: Intel au AMD? Mpigie fundi simu kabla hajanunua

Mwezi huu barua zilizojaa mezani kwangu zinauliza jambo moja: mtu ana pesa kidogo, kompyuta ya nyumbani imechoka, achague prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel au ya AMD? Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika alibakiza siku chache atoe pesa, na sehemu ya pesa hiyo ingepotea bure.

SWALI: Dada fundi, habari za kazi? Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tororo. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani aina ya HP ProDesk niliyoinunua ikiwa imetumika. Prosesa yake ni Core i3-6100, RAM ni 4GB, na diski ni ya kawaida ya 500GB. Mimi naitumia kuchapa mitihani na kupanga alama. Binti yangu ameanza mwaka wa kwanza wa usanifu majengo Kampala, na akirudi likizo anataka kuchora kwa AutoCAD na kutengeneza picha za nyumba kwa Blender. Mashine inakwama mpaka mtoto anatokwa na machozi. Kikundi chetu cha akiba kimegawana mwezi uliopita, nami nimetenga shilingi 1,800,000. Fundi wetu wa Mbale anasema ataniwekea i5-8400 kwa sababu soketi ni ile ile ya 1151, na ananionya kwamba AMD huchemka na haidumu. Shemeji yangu aliyeko Nairobi anasema Intel siku hizi ni jina tu, ninunue Ryzen. Wamebishana kwenye simu hadi salio likaisha. Nimfuate nani?
Mwalimu, Tororo

JIBU: Mwalimu wangu, habari ni njema. Ukimaliza kusoma aya hii, mpigie fundi wako umwambie asiinunue hiyo i5-8400. Haitawaka kwenye kompyuta yako.

Nakueleza sababu ili nawe uweze kumweleza bila kumvunjia heshima, maana hakudanganya. Soketi ni kiti cha prosesa kwenye ubao mama, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote. Intel walileta soketi ya 1151 mwaka 2015 pamoja na prosesa za kizazi cha 6, na kizazi cha 7 kikaitumia hiyo hiyo. Oktoba 2017 kilipotoka kizazi cha 8, idadi ya miguso ilibaki 1,151, umbo likabaki lile lile, lakini walibadilisha mpangilio wa umeme unaopita humo na wakataka ubao mama wa mfululizo wa 300. Ubao wako ni wa kizazi cha 6. Ukiiweka i5-8400, itaingia vizuri, kikono kitafungwa, feni itazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Mtu anayesoma namba ya soketi peke yake hawezi kuliona tatizo hilo.

Mwaka jana kijana mmoja alinipandia hadi ghorofa ya tatu akiwa amekumbatia mashine yake, jasho linamtiririka. Alikuwa ameshabadilisha RAM mara mbili na kununua pawa saplai nyingine. Nilifungua, nikaondoa hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, nikafuta pesti iliyo kati yao kwa kitambaa, na maandishi ya juu ya prosesa yakajitokeza: i5-8400. Nikamuuliza kama ile ya zamani bado anayo. Akaitoa mfukoni mwa suruali, imefungwa kwenye karatasi ya chapati, ina alama za mafuta. Niliisafisha kwa spiriti, nikairudisha, na mashine ikawaka dakika hiyo hiyo. Pesa ya vile vipuri vingine haikurudi. Tangu siku hiyo kila mteja namuuliza jina la ubao mama kabla ya jina la prosesa.

Sasa shemeji yako. Ryzen anayoisema haiwezi kuingia kwenye ubao wako kwa njia yoyote. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 zina pini 1,331 zilizosimama chini ya prosesa yenyewe, kama brashi ndogo. Zako za Intel zina vituo bapa chini, na pini ziko kwenye ubao. Kwa hiyo wale wawili hawakuwa wakibishana juu ya kitu kimoja. Fundi anazungumzia kubadilisha kipande kimoja, shemeji anazungumzia kompyuta mpya. Na ni mpya kweli, kwa sababu mashine hizi za ofisini mara nyingi hutumia pawa saplai yenye plagi yake maalumu, si ile ya kawaida ya pini 24, na matundu ya skrubu hayalingani na ubao wa dukani. Kasha lako litabaki na ubao wake.

Njia ya kwanza, basi, ni kubaki hapo hapo. Ubao wako unaweza kupokea Core i7-6700, yenye viini 4 (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), wakati i3 uliyonayo ina viini 2 na nyuzi 4. Chukua ile ya wati 65. Usichukue 6700K ya wati 91, maana hitisinki na pawa saplai ya kasha hilo ni ndogo. Ongeza SSD, ile diski isiyozunguka, na fikisha RAM, ile kumbukumbu ya kazi, 16GB. Nakuambia kweli, hata ukiiacha i3 mahali pake, SSD na RAM peke yake zitakufanya udhani umenunua mashine nyingine, kwa sababu machozi mengi ya binti yako yanatoka kwenye diski inayozunguka na ile RAM ya 4GB, siyo kwenye prosesa.

Kama ungekuwa peke yako na mitihani yako, ningeishia hapa na ungebaki na pesa nyingi. Lakini kuna binti. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu. i7-6700 iko upande mbaya wa mstari huo. Mtoto ana miaka kadhaa ya masomo mbele yake, na programu za uchoraji hazitamsubiri. Kumnunulia prosesa ya 2015 wakati una pesa ya kumnunulia iliyo bora, mimi moyo wangu haukubali.

Njia ya pili ni mashine mpya, na hapo ndipo ule ubishi wa Intel na AMD unapata maana. Kwa pesa yako naona wawili tu wanaostahili kupimwa: Ryzen 5 5600G ya AMD na Core i5-12400 ya Intel. Zote zina viini 6 na nyuzi 12, zote zimeandikwa wati 65, zote zina picha ndani yake, yaani huhitaji kununua kadi ya picha ili skrini iwake. Zote zinakubali RAM ya aina ya DDR4, ila kwa Intel lazima uhakikishe ubao ni wa DDR4, kwa sababu soketi yake ya 1700 ina mbao za aina mbili.

Tofauti zao ziko hivi. Kiini kimoja cha i5-12400 kina kasi kuliko kiini kimoja cha 5600G, na AutoCAD kwa sehemu kubwa hutegemea kiini kimoja. Mchoro wa ramani ya nyumba, mistari na vipimo, Intel atakwenda mbele kidogo. Lakini picha ya ndani ya 5600G, ile inayoitwa Vega, ina nguvu zaidi kwa mbali kuliko UHD 730 ya Intel. Binti yako akifungua nyumba kwenye Blender na kuizungusha kwa panya ili aione kutoka paani, kazi hiyo ni ya picha. Kadi ya picha ya kununua pembeni haimo kwenye bajeti yako mwaka huu, na nadhani hata mwaka ujao kuna karo kwanza. Kwa hiyo kwako wewe, Mwalimu, nachagua Ryzen 5 5600G. Ingekuwa ni uchoraji wa mistari tu, ningechagua i5-12400 bila kusita, na shemeji yako angekasirika.

Shemeji akikuambia uchukue soketi mpya zaidi, AM5 iliyotoka 2022, mwambie inakubali DDR5 peke yake. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa sababu viwanda vinaelekeza nguvu zao kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Hata DDR4 imepanda, lakini ndiyo utakayoimudu.

Kwenye RAM hiyo, nisikilize kwa makini. Nunua vipande viwili vya 8GB. Usikubali kimoja cha 16GB, hata muuza duka akikuambia ni kitu kimoja. Picha ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakula kwenye RAM. Kipande kimoja ni barabara ya njia moja, vipande viwili ni njia mbili. Ukimpa 5600G kipande kimoja utakuwa umeilipia ile Vega kisha ukaifunga miguu.

Ubao mama chukua wa A520 au B550. Ukiuziwa B450 iliyokaa dukani muda mrefu, uliza kama BIOS yake, ile programu ndogo inayouamsha ubao, imeshasasishwa. 5600G iliingia madukani 2021, na ubao uliotengenezwa kabla ya hapo unaweza usiitambue mpaka usasishwe. Njia rahisi ni kukataa kuondoka dukani kabla hujaiona ikiwaka na jina la prosesa likitokea kwenye skrini. Duka zuri halikasiriki ukiomba hivyo.

Sasa hilo la AMD kuchemka. Fundi wako hakulitunga. Mwaka 2011 AMD walitoa prosesa za FX, na zilikuwa na njaa ya umeme kweli. FX-9590 ya 2013 iliandikwa wati 220. Mafundi wa rika langu tuliungua vidole. Lakini Ryzen ilitoka 2017 kwa muundo mpya kabisa, na leo ukitafuta prosesa ya nyumbani inayotoa joto kama jiko utaikuta upande wa pili: Core i9-14900K ya Intel inaruhusiwa kufika wati 253. Wewe huna haja na yoyote kati ya hizo. Zako mbili zote ni za wati 65.

Na umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla? Tuseme uniti moja ni shilingi 800 ili hesabu iwe nyepesi. Kompyuta na skrini yake zikila wati 80 kwa saa tano kila siku, ni uniti 12 kwa mwezi, shilingi 9,600. Tofauti ya wati 10 kati ya prosesa mbili haifiki hata uniti 2. Usiache kampuni moja uende nyingine kwa ajili ya hilo. Tenga badala yake pesa ya UPS, ile betri inayoishika kompyuta umeme ukienda, maana umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, hauulizi prosesa ni ya nani.

Uliuliza pia, chini kabisa ya barua, kama programu za Intel zitafanya kazi kwenye AMD. Zitafanya kazi, bila kubadilisha kitu. Kampuni hizi mbili zilizaliwa California mwaka mmoja baada ya mwingine, Intel 1968 na AMD 1969. IBM walipotoa kompyuta yao ya 1981 yenye prosesa ya Intel, walitaka msambazaji wa pili ili wasitegemee kiwanda kimoja, na AMD wakapata ruhusa ya kutengeneza prosesa za aina hiyo. Tangu hapo zinasema lugha moja. Mpangilio wa biti 64 unaotumiwa na Windows yako ulianzishwa na AMD mwaka 2003, kisha Intel wakaufuata.

Jambo la mwisho ni la fundi wako, kwa kuwa mikono yake imezoea Intel. Kwenye Intel, prosesa inashikwa na bati la chuma hata ukivuta hitisinki. Kwenye AM4 hakuna bati hilo. Pesti ikikauka inashika kama gundi. Mwaka 2019 nilivuta hitisinki ya mteja juu moja kwa moja, nikasikia mlio mdogo wa kukwaruza, na nilipoigeuza prosesa ilikuwa imening'inia chini yake, pini saba zimelala. Nilikaa saa mbili chini ya taa, nikiziinua moja moja kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile isiyochongwa, baada ya kutoa risasi yake. Unaivika pini ile ncha yenye tundu, unainua polepole, unaangalia kwa pembeni kama mstari umenyooka. Zote saba zilisimama, lakini ingevunjika moja ningemlipa mteja prosesa nzima. Kwa hiyo mwambie: awashe kompyuta dakika kumi ipate joto, aizime, achomoe waya, kisha azungushe hitisinki taratibu kulia na kushoto mpaka isikike imeachia, ndipo ainue.

Ile HP usiiuze. Itie SSD ndogo, iongezee RAM 4GB nyingine, uweke Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, uchapie mitihani yako ukiwa na amani, na binti abaki na yake. Na funika zote mbili kwa kitambaa usiku, kwa sababu najua vumbi jekundu la barabara za marumu huko kwenu likoje.

SWALI: Fundi, mimi ni mwanafunzi Arua. Kaka yangu ananiuzia kompyuta yenye Core i7-3770. Jirani anauza nyingine yenye Core i3-12100, anataka zaidi kidogo. Marafiki wananicheka, wanasema nani anaacha i7 akachukua i3?
Mwanafunzi, Arua

JIBU: Mdogo wangu, waache wacheke, chukua i3. Herufi i na namba 3, 5 au 7 zinakuambia cheo cha prosesa ndani ya ukoo wake tu. Namba inayofuata ndiyo inayotaja kizazi. 3770 ni kizazi cha 3, ya mwaka 2012. 12100 ni kizazi cha 12, ya mwaka 2022. Zote mbili zina viini 4 na nyuzi 8, kwa hiyo huna ulichopoteza kwa idadi, na miaka kumi ya kazi ya wahandisi imo ndani ya kila kiini cha ile i3. Inakula umeme mdogo, inakubali Windows 11, na inatumia RAM ya aina mpya zaidi, wakati i7 ya kaka yako inataka DDR3 ya zamani.

AMD nao wana mtego huo huo. Ryzen 7 1700 ya 2017 ina viini 8, na bado Ryzen 5 5600 yenye viini 6 inaipita. Kwenye laptopu ndiyo mbaya zaidi: Ryzen 5 7520U inaonekana kwa jina kama ya kizazi cha 7000, lakini viini vyake ni vya muundo wa Zen 2, ule ulioanza 2019. Kwenye majina ya mfululizo huo angalia tarakimu ya tatu. Hiyo 2 ndiyo inayosema ukweli.

Kaka usimwambie kwamba mashine yake ni mbaya. Mwambie umepata inayofaa masomo yako.

SWALI: Salaam fundi. Napenda michezo ya kompyuta na nimeona mtu anauza Core i7-13700K iliyotumika kwa bei nzuri sana, bila boksi. Nimesikia prosesa za Intel za kizazi cha 13 zinajiharibu zenyewe. Ni kweli au ni maneno ya wapenzi wa AMD?
Kijana wa Mbarara

JIBU: Ni kweli, na Intel wenyewe walikiri mwaka 2024. Baadhi ya prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14, hasa hizi kubwa zenye K mwishoni mwa jina, zilikuwa zikijiombea volteji kubwa kuliko inavyofaa, na kidogo kidogo zikachakaa. Dalili yake inapoteza watu: mchezo unafunguka, kisha unaanguka na ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imeisha, ilhali ipo tele. Watu walibadilisha kadi za picha bure.

Agosti 2024 Intel walitoa marekebisho yanayoingia kupitia BIOS ya ubao mama, na wakaongeza miaka miwili kwenye waranti ya prosesa hizo. Marekebisho yanazuia uharibifu usianze. Yakikuta prosesa imeshachakaa hayaiponyi. Hapo ndipo tatizo lako lilipo, ndugu yangu. Unapewa prosesa iliyotumika, haina boksi, huna njia ya kujua iliendeshwa miezi mingapi kwa BIOS ya zamani. Mtu anaweza kuiuza kwa bei nzuri kwa sababu amehamia kwenye nyingine, na anaweza kuiuza kwa sababu imeanza kuanguka. Kwa kuitazama huwezi kutofautisha, na mimi siwezi pia.

Mimi nisingeinunua. Ingekuwa i5-12400 au yoyote ya kizazi cha 12 ningekuambia kachukue, tatizo hilo halikuzigusa. Kama umeshaifunga roho kwenye hii, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, aingie kwenye BIOS uone tarehe ya toleo lake, kisha akuachie ucheze mchezo wako mzito saa nzima bila kusimama. Akikataa, una jibu.

Na ili usidhani ninawapendelea AMD: mwaka 2023 baadhi ya prosesa zao za Ryzen 7000 zenye X3D mwishoni mwa jina ziliungua kwenye soketi kwa sababu ya volteji kubwa mno, na wao pia waliikata kwa BIOS mpya. Anayenunua prosesa ya kampuni yoyote na kuacha kusasisha BIOS kwa miaka, anajiweka hatarini.

Ukiikagua mkononi, soma maandishi ya juu ya bati. Ukiona maneno Intel Confidential, hiyo ni sampuli ya majaribio ya kiwandani, haikupaswa kuuzwa. Rudisha.

SWALI: Fundi, nimenunua jana hapa Jinja ubao mama, RAM na prosesa ya i5-12400F kwa ajili ya kompyuta ya watoto. Muuzaji alisema ni ile ile i5-12400, hii ni ya bei nafuu tu. Mume wangu ameunganisha kila kitu, feni zinazunguka, lakini waya wa HDMI hautoi picha. Tumeharibu nini?
Mama wa watatu, Jinja

JIBU: Mama, hamjaharibu kitu, na mpe mume wako pole, kazi ameifanya sawasawa. Ile herufi F mwishoni ina maana prosesa haina picha ndani. Tundu la HDMI lililo kwenye ubao mama linasubiri picha kutoka kwenye prosesa, na hii haina cha kuleta. Bila kadi ya picha ya kununua pembeni, skrini haitawaka kamwe. Upande wa AMD jambo hilo liko kwa jina jingine: Ryzen 5 5600 haina picha, 5600G inayo.

Kwa kompyuta ya watoto ya kusomea, kadi ya picha ni gharama isiyo na sababu. Ing'oe prosesa leo, bila kugusa zile pini zilizo kwenye ubao, maana zikipinda kidogo tu ubao umekwisha. Futa pesti kwa pamba na spiriti, irudishe kwenye boksi lake, chukua risiti, na uende dukani umwombe aibadilishe kwa i5-12400 isiyo na F, wewe uongeze tofauti ya bei. Nenda asubuhi, umchukue na mume wako, naye aieleze ile skrini nyeusi kwa maneno yake.